Mama anachangia watoto wa saratani kwa simu kila mwezi. Nitajuaje pesa inafika?

BintiWaMwisho:

Wanajamvi, habari zenu. Kuna jambo linaninyima usingizi wiki hii, naomba mawazo yenu. Wenye kejeli leo wapite kimya kimya.

Mama yangu ana miaka 71, ni mjane. Baba alituacha miaka minne iliyopita kwa saratani ya koo. Macho ya mama yameanza kufifia, kwa hiyo mwezi huu nimeanza kumsomea taarifa zake za benki. Nikakuta jina nisilolijua linakata pesa kila tarehe tano. Si pesa nyingi, lakini nilipofukua nikaona makato yana miezi 22 sasa na yamepandishwa mara tatu. Nikamuuliza. Akanijibu kwa fahari kabisa, "Hao ni watoto wangu wa saratani."

Kumbe kuna kijana humpigia simu jioni, karibu kila mwezi. Anamwita Mama. Anamuuliza habari za mgongo. Na kinachoniuma zaidi, anamtaja baba kwa jina na kumpa pole upya kila mara. Mama anaisubiri simu hiyo kama mtu anayesubiri mgeni.

Nimeingia kwenye tovuti yao. Picha za watoto wasio na nywele, na kitufe kikubwa cha CHANGIA kinachokufuata kila unakoshuka. Hakuna jina la hospitali hata moja, hakuna jina la anayeongoza. Anwani ni sanduku la posta. Jina lao linafanana mno na la shirika kubwa linalojulikana, wamebadilisha neno moja tu.

Nitajuaje pesa ya mama inakwenda wapi? Na nikigundua inaliwa, nimwambieje?

NyukiDume:

Utapeli huo. Zuia makato, zuia namba, uzi umeisha.

SautiYaJioni:

Dada, nimesoma ulichoandika mara mbili kabla ya kujibu, kwa sababu kijana huyo nilikuwa mimi. Sisemi ni mimi niliyempigia mama yako. Lakini kazi yenyewe niliifanya miezi kumi na minne, na kila ulichoeleza nakijua kwa ndani.

Kwanza, ofisi ile si ya shirika la hisani. Ni kampuni ya biashara inayokodiwa kuchangisha. Ukumbi wetu ulikuwa na viti kama sitini, kila mtu na vipokea sauti vyake kichwani na skrini mbele. Wiki hii tunaombea watoto wagonjwa, wiki ijayo askari wastaafu, wiki inayofuata mbwa waliotupwa. Skripti inabadilika, sauti ya huruma ni ile ile. Mtoto mgonjwa sikumwona hata mmoja. Mtu wa shirika nilimwona mara moja, alikuja na keki.

Pili, kuhusu jina la baba. Usidhani kijana anamkumbuka. Kwenye skrini kuna sehemu ya maelezo, na kila anayepiga anaongeza alichosikia. Ya mama yako naweza kukuandikia bila kuiona: "Mjane. Mume fulani, saratani ya koo. Anaumwa mgongo. Aitwe Mama. Usipige wakati wa taarifa ya habari." Anayepiga mwezi unaofuata anayasoma hayo simu ikiwa inaita. Katika miezi 22 mama yako huenda ameongea na vijana sita au saba, kila mmoja akijifanya ni yule yule.

Kupandishwa mara tatu nako hakukutokea kwa bahati. Mtu akishalipa miezi kadhaa bila kulalamika, mfumo unamtoa kwenye orodha ya "ahsante" na kumweka kwenye orodha ya "panda". Tunamshukuru, tunamsimulia mtoto mmoja, kisha tunataja kiwango kikubwa kwanza ili kile cha kati kionekane kidogo. Ilikuwa mwiko kukata simu kabla ya kusikia "hapana" tatu. Na ukisha kuwa mchangiaji, jina lako lenyewe ni bidhaa, linaazimwa na kuuzwa. Angalia barua za mama. Kama ameanza kuletewa kalamu za bure na vibandiko vyenye jina lake kutoka mashirika asiyoyajua, hapo ndipo yalipotoka.

Siku niliyoamua kuacha, kuna mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, katika kila mia ninayotoa, ngapi inamfikia mtoto?" Skripti ilikuwa na jibu tayari: "Asilimia mia ya mchango wako inakwenda kwa shirika." Na ni kweli kabisa! Pesa inaingia kwenye akaunti ya shirika yote. Halafu kampuni inapeleka ankara, na shirika linalipa. Jioni ile nikamuuliza msimamizi ankara ni kiasi gani. Akacheka, akanishika bega, akaniambia rudi kwenye kiti. Baadaye mhasibu aliniambia: themanini na kitu katika kila mia.

Kwa hiyo dada, ukiwauliza, usiulize "pesa yote inakwenda kwa shirika?" Uliza: "Shirika linailipa kampuni yako ngapi katika kila mia?" Halafu nyamaza. Usimsaidie kujaza ukimya.

BintiWaMwisho:

Kaka, nimeinuka nikaenda kwenye kabati la mama. Vibandiko vipo. Bahasha nzima. Na kalamu kumi na moja.

Mkaguzi_Mstaafu:

Binti yangu, pole. Mimi nimekagua hesabu za watu kwa miaka 31, yakiwemo mashirika ya hisani. Kijana hapo juu amekueleza upande wa simu, acha nikueleze upande wa karatasi.

Anza na rejista. Nchi nyingi zina msajili wa mashirika haya, na mahali pengine hesabu zake ziko wazi kwa yeyote. Uingereza na Wales, Charity Commission inaweka hesabu za kila mwaka mtandaoni bure. Marekani, mashirika mengi yasiyotozwa kodi hujaza Form 990, yaani taarifa yao ya mapato na matumizi, kila mwaka, na ni haki ya umma kuisoma. Andika jina herufi kwa herufi, maana umesema linafanana na la wakubwa. Ukiipata Form 990, nenda moja kwa moja kwenye jedwali G (Schedule G). Pale wachangishaji wa kukodiwa wanatajwa kwa majina, kiasi walichokusanya, na kiasi walichobaki nacho. Wenye mambo yao huomba Mungu usifike ukurasa huo.

Sasa ujanja wenyewe, ambao ukiujua hutausahau. Utafungua hesabu ukutane na maneno "elimu kwa umma", na chini yake tarakimu nene. Utafikiri ni semina. Mara nyingi ni simu zile zile. Anayepiga akiingiza sentensi moja ya mafunzo, labda "kumbuka kujipima mapema, saratani ikiwahiwa hutibika", basi sehemu ya gharama ya simu inahamishwa kutoka "kuchangisha" kwenda "huduma". Mhasibu analo jina lake la kitaalamu, na kanuni zinaruhusu kwa masharti. Kwa mwenye nia mbaya ni mlango wa nyuma.

Mlango mwingine ni vitu. Shirika linapokea makontena ya dawa au nguo kutoka kwa wengine, linayaandika kwa bei ya juu, linayapitisha kwenda nchi ya mbali, na ghafla linaonekana limetoa msaada mkubwa ajabu. Pesa taslimu ya wachangiaji haimo humo.

Haya siyatungi. Mei 2015 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, pamoja na majimbo yote 50, yalifungua kesi dhidi ya mashirika manne ya saratani yaliyokuwa na uhusiano: Cancer Fund of America, Cancer Support Services, Children's Cancer Fund of America na The Breast Cancer Society. Yalikusanya zaidi ya dola milioni 187 kati ya 2008 na 2012. Mashtaka yalisema sehemu kubwa ilienda kwa waendeshaji, jamaa na rafiki zao, na wachangishaji wa kukodiwa, ambao mara nyingi walibaki na 85 au zaidi katika kila mia. Yalitajwa magari, safari, ada za chuo, uanachama wa ukumbi wa mazoezi, hata tovuti za kutafuta wapenzi. Na ule ujanja wa vitu ulikuwemo. Mashirika hayo yalivunjwa. Mama yako hakuwa mjinga peke yake, binti. Mamilioni ya dola hayo yalitolewa na watu wa aina yake.

SautiYaJioni:

Mzee, shikamoo. Umenifungua macho baada ya miaka yote hii. Hiyo sentensi ya "kumbuka kujipima mapema" NIMEISOMA MIMI. Kila simu. Hata mtu akisema anakata, tuliagizwa tuitamke kabla hajakata, na msimamizi alikuwa anasikiliza simu zetu kuhakikisha. Nilikuwa najiambia angalau hapa tunaokoa maisha. Kumbe nilikuwa nabadilisha ankara iwe elimu.

Mkaguzi_Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Ndiyo hivyo.

MtunzaStoo:

Jamani, nami niseme, kabla uzi haujawafanya watu wafunge mikono kabisa. Nafanya kazi kwenye shirika dogo linalogawa viti vya magurudumu kwa watoto. Kila mwaka tunaulizwa swali hilo hilo la "katika kila mia ngapi inafika", na swali hilo limetuumiza.

Kuna mwaka tulijigamba kwamba 95 katika mia zinafika kwa mtoto. Tulipunguza mishahara mpaka akabaki mhasibu wa nusu siku na mimi. Viti vilifika kweli. Vikakaa stoo miezi minane, kwa sababu kiti cha mtoto asiyeweza kukaa wima lazima apimwe nyonga na mgongo na fundi anayejua, la sivyo kinamletea vidonda. Fundi ni mshahara. Mshahara ni "gharama za uendeshaji". Basi tukawa na asilimia nzuri kabisa, na watoto wako chini sakafuni.

Hata wanaopima mashirika walishaliona hili. Mwaka 2013 GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance waliandika barua ya wazi kwa wachangiaji wa Marekani wakiwaomba wasipime shirika kwa asilimia ya uendeshaji peke yake. Mzee mkaguzi, shikamoo, lakini nakuomba usiwafundishe watu kuangalia namba moja.

Mkaguzi_Mstaafu:

Marahaba. Nimekusikia, na kwa kiti cha magurudumu umenishinda. Nakubali kwamba asilimia peke yake inaweza kudanganya pande zote mbili. Ila tusichanganye. Wewe unazungumzia anayetumia 30 kumlipa fundi ili kazi ifanyike. Binti anazungumzia anayetumia 80 kumlipa anayeomba, ili aweze kuomba tena. Kwako nitauliza: mlipima watoto wangapi mwaka jana, na baada ya mwaka viti vingapi bado vinatembea? Ukinijibu, asilimia nitaiacha. Wale wa mama yake muulize hospitali gani, wodi gani, daktari gani amepokea. Shirika la kweli huwa na majibu mengi kuliko subira yako.

MtunzaStoo:

Watoto 64 walipimwa, viti 51 bado vinatembea, 9 tumevirudisha kutengeneza, 4 hatujui viliko na linaniuma. Haya.

Mkaguzi_Mstaafu:

Hivyo vinne ndivyo vimenifanya nikuamini.

PembeniTu:

Mnasema simu, kwani mitandaoni ni kuzuri? Mwaka 2017 huko Marekani ilisambaa hadithi ya jamaa asiye na makazi aliyetoa dola 20 zake za mwisho kumnunulia dada petroli gari lilipoishiwa barabarani. Watu kama 14,000 wakachanga zaidi ya dola 400,000 kwenye GoFundMe, tovuti ya kuchangisha pesa. Hadithi yote ilitungwa, na wote watatu, jamaa, dada na mpenzi wa dada, walikuwa wanajua. Angalau GoFundMe iliwarudishia watu pesa zao. Mimi tangu siku hiyo video yenye piano nyuma siitazami.

NyukiDume:

Uzi unahama huo. Turudi kwa mama. Halafu mzee, kwa nini sheria isiwalazimishe tu kusema asilimia mwanzoni mwa simu?

Mkaguzi_Mstaafu:

Kwa Marekani ilijaribiwa, ikagonga mwamba. Mwaka 1988, katika kesi ya Riley, Mahakama ya Juu ilisema jimbo haliwezi kumlazimisha mchangishaji wa kukodiwa kutaja asilimia kabla ya kuomba, kwa kuwa hilo linagusa uhuru wa kusema. Ila mwaka 2003, katika kesi iliyotoka Illinois, mahakama hiyo hiyo ilisema anayempotosha mchangiaji kuhusu pesa inakokwenda anaweza kushtakiwa kwa udanganyifu. Wale wa Illinois walikuwa wanabaki na 85 katika mia huku wakiwaambia watu sehemu kubwa inawafikia maveterani. Maana yake kwa mtu wa kawaida: anaweza kukaa kimya usipouliza, lakini akikujibu uongo amejifunga. Ndiyo maana nasema uliza, na jibu liandike pamoja na tarehe na saa.

BintiWaMwisho:

Wapendwa, nimerudi baada ya siku tisa. Kaeni mkao wa kusikia.

Mzee, nilifuata njia yako. Rejistani wamo, kwa jina refu kuliko la kwenye tovuti. Hesabu za mwaka juzi zipo. Kampuni ya kupiga simu imebaki na 83 katika kila mia. Katika 17 zilizobaki kuna mishahara ya wakurugenzi watatu, wawili wana jina moja la ukoo. "Elimu kwa umma" ipo, na imenona kama ulivyosema. Kwa watoto, nilipotoa kila kitu, zimebaki kama 2. Hospitali haijatajwa. Kumeandikwa "vifaa vya faraja", basi.

Nilipanga kumsomea mama taratibu, labda Jumapili. Simu ikatangulia. Alhamisi jioni nikiwa kwake, ikaita, nikamwomba aiweke kwa sauti. Kijana akaanza, "Mama, shikamoo, mgongo unaendeleaje?" Mimi nimekaa na kalamu mkononi, moja ya zile kumi na moja, tayari kuingilia kati. Mama akanipungia mkono ninyamaze.

Akamwambia, "Marahaba. Mwanangu, kampuni yenu inalipwa ngapi katika kila mia yangu?" Mimi sikumfundisha! Kumbe jioni nilizokuwa namsomea uzi huu "kumpitishia muda", alikuwa anashika kila neno. Kijana akasema asilimia mia inakwenda kwa shirika. Mama akasema, "Hilo sikuuliza." Kukawa kimya. Mama hakukijaza. Mwisho kijana akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hajui, haoni hizo hesabu. Mama akamwambia asante kwa ukweli, waniondoe kwenye orodha, usiku mwema. Akakata.

Nikaanza hotuba yangu: mama pole, hata yule kijana hakuwa mmoja, wanasoma kwenye skrini. Akanikatisha.

"Nilikuwa najua si mmoja," akasema. "Mimi macho ndiyo yanaondoka, masikio yangu mazima. Mmoja alikuwa na kigugumizi kidogo. Huyu wa leo ana mafua. Lakini kila mmoja alinitajia baba yako. Wewe mara ya mwisho kumtaja ilikuwa lini?"

Sikuwa na jibu, wanajamvi. Nyumbani kwetu huwa tunamzunguka baba ili mama asilie.

Basi tuliongea mpaka usiku wa manane. Makato nimeyasimamisha benki, na barua nimeandika. Mama amesema mchango wake hauachi, anaupeleka wodi ile ile alikolazwa baba. Nilimpigia muuguzi mkuu nikauliza wanakosa nini. Hakusema pesa. Alisema mito, na mtu wa kuwasomea wagonjwa wa koo ambao hawawezi kuongea. Mito tumepeleka Jumatatu, tukapewa risiti yenye muhuri na tukaiona ikipangwa vitandani. Kusoma mama hawezi tena kwa macho yake, kwa hiyo anakwenda kuwasimulia. Leo amerudi amechelewa.

MtunzaStoo:

Mpe mama shikamoo yangu. Na mito mkipeleka tena, ulizeni kwanza kama foronya zake zinafulika kwa maji ya moto, wodi zinazitupa nyingi kwa hilo.

SautiYaJioni:

Mikono inatetemeka kuandika. Dada, jambo moja la kazi: kuondolewa kwenye orodha ya kampuni hakufuti maelezo yaliyoko kwa shirika. Kwenye barua ongeza sentensi kwamba wafute taarifa zote za mama, jina la marehemu likiwemo, na kwamba hawana ruhusa kumpa mtu mwingine. Tunza nakala. Halafu tarehe tano ijayo angalia taarifa ya benki mwenyewe, na ile ya mwezi unaofuata pia, maana wakati mwingine makato yanarudi kwa jina jingine.

Na mwambie mama aliyekuwa na kigugumizi huenda namjua. Aliacha kazi.